Barua Ambayo Nyanzala Hakuiandika

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, jina la Nyanzala lilikuwa na sifuri mbele yake kwenye matokeo ya Kiingereza ya darasa la saba. Jaribio lilihusu hali za vitenzi: ya kutaarifu, ya kuamuru na ya kutamani. Jumamosi wanafunzi sita bora wangetoka shuleni kwao Litapunga kwenda mjini Mpanda kushindana na shule nyingine. Mwenye sifuri angebaki.

Nyanzala alisimama. "Mwalimu, sifuri hii nimeipataje?"

"Umemwibia Scola majibu," alijibu Mwalimu Abednego. "Kila mmoja wenu alipata kumi na tisa kwa ishirini. Mmekosa swali la tisa tu, tena kwa jibu lilelile. Na nilipofundisha mada hii, wewe ulikuwa Mpimbwe wiki mbili."

Kweli, alikuwa huko akiwapikia kaka zake waliohamisha ng'ombe.

"Basi ng'ombe ndio walimfundisha!" Gideon alisema kutoka nyuma. Darasa likacheka.

"Andika barua ya kukiri kosa," mwalimu aliamuru.

"Siandiki."

"Unasemaje?"

"Siandiki, Mwalimu. Nikiandika, nitakuwa nimesema uongo. Adhabu nipe, lakini barua siandiki."

Alitoa daftari lake, akamgeukia jirani yake. "Scola, toa na lako. Ule ukurasa niliounakili."

Scola aliinamisha kichwa. Siku ya jaribio waliambiwa kwamba atakayemsaidia mwenzake naye atapata sifuri. "Mimi sitaki kesi," alinong'ona.

"Ulinisaidia kabla ya jaribio. Hiyo si kesi. Toa!"

Scola akalitoa.

Madaftari yaliwekwa mezani. Katika yote mawili, sentensi *If I were you*, ileile ya swali la tisa, ilikuwa chini ya hali ya kuamuru. Scola alikuwa ameruka mstari alipoandika kutoka ubaoni, sentensi ikaangukia chini ya kichwa kisicho chake. Nyanzala alilinakili kosa hilo siku tano kabla ya jaribio, na tarehe ilikuwepo. Kwenye ukurasa wa Scola palikuwa na tiki nyekundu na sahihi ya Mwalimu Abednego.

Mwalimu aliitazama sahihi yake. "Na sasa, Nyanzala? Hiyo ni amri?"

"Hapana. Hakuna anayeamriwa pale. Mtu anawaza jambo lisilowezekana, maana mimi siwezi kuwa wewe. Niliamini daftari, sikufikiri."

"Kaa." Mwalimu aliligeukia darasa. "Yeye aliamini bila kufikiri. Mimi nilitia tiki bila kusoma, kisha nikahukumu bila kuuliza. Kosa langu ni kubwa zaidi. Nyie mkisingiziwa, msikiri kwa woga. Leteni ushahidi, kama alivyofanya huyu."

"Mwalimu, basi swali la tisa wapewe," alisema Gideon.

"Jibu lisilo sahihi halipewi alama."

Saa mbili kasoro dakika tano, Mwalimu Abednego alikata sifuri, akaandika kumi na tisa, kisha akaandika jina la Nyanzala kwenye orodha ya Mpanda.