Osaka ya Kalisti

Kalisti hakuwahi kukanyaga Osaka. Tatizo lilikuwa hilo tu, wala halikuwa dogo, kwa sababu alimwambia Jerotich kwamba aliishi huko miezi minane, na Jerotich alimwamini.

Walikutana ughaibuni, katika mji wa Langley Park, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka 2006, katika duka la vyakula ambalo foleni yake ilikuwa imefika mlangoni. Jerotich alikuwa mbele yake, mwanamke wa miaka thelathini na saba, koti la buluu juu ya sare ya kazi ya kutunza wazee, kikapu kimejaa unga na mboga, na kitabu cha wasafiri kwapani. Kitabu kikaanguka. Kalisti, dereva wa teksi kutoka Alexandria, mji wa jirani, aliinama kukiokota kabla kitambi chake hakijapata nafasi ya kukataa.

"Osaka," alisoma. "Unakwenda kwa nani huko?"

"Kwa nani hakuna. Miaka kumi nikipanda ndege ni matanga ama harusi huko Kapsabet, na mabegi yote ni ya watu. Mwaka huu naenda mahali hakuna mtu ananijua. Nitembee tu, nishangae kama watalii."

Kalisti akaona kwamba akinyamaza, huyu mwanamke atalipia unga wake na kupotea.

"Basi umempata mtu wako," alisema. "Mimi nimekaa Osaka miezi minane. Nilikuwa nanunua magari."

Ukweli ni kwamba aliyaosha. Zamani, bandarini Dar es Salaam, kazi yake ilikuwa kusafisha magari ya mtumba yaliyoshushwa kutoka Japani. Ndani ya moja alikuta ramani ya Osaka imesahauliwa, akaitunza. Aliijua ile mitaa kama mtu anavyoijua sura ya kwenye picha.

Mapenzi yakaanza hivyo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda Riverdale Park, kwa Jerotich, shati limepigwa pasi, ramani mfukoni. Walikula, wakaondoa sahani, wakatandaza ramani mezani. Kalisti alishauri, Jerotich akaandika.

"Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kama kwenye vituo vya treni ya Metro hapa. Ukipanda teksi, fungua mlango mwenyewe, usimsumbue dereva. Chakula kikiwa kizuri acha bakshishi, tena nono. Na pesa taslimu za nini? Kadi yako itapita kila mahali, mama. Ile ni Japani."

"Lakini kitabu kinasema nibebe pesa."

"Kitabu kimekaa Osaka miezi minane?"

Jerotich alicheka, akafuta alichoandika. "Nyinyi Watanzania, haki! Mtamuuzia mtu kivuli chake."

Siku ya safari, mwezi wa tano, Kalisti alimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Njiani akamwomba waoane. "Nikirudi nitakujibu," Jerotich alisema, akamshika shavu. Kitabu akakiacha kwenye kisanduku cha mbele cha teksi. Kilikuwa kizito, na Kalisti alikuwa amemwambia hakihitajiki.

Jumamosi iliyofuata, saa moja jioni, Kalisti alikuwa kwenye foleni ya teksi pale uwanja wa ndege wa National simu ilipolia. Osaka ilikuwa Jumapili asubuhi.

"Mpenzi wangu! Osaka inasemaje?"

"Inasema wewe ni mwongo. Mlango wa teksi huku unajifungua wenyewe. Nimeuvuta mpaka yule mzee na glavu zake nyeupe akapiga nduru. Nimeacha bakshishi, mhudumu akanikimbiza barabara mbili anirudishie, watu wananiangalia kama nimeiba. Na kadi imekataliwa na mashine tano za pesa. Benki zimefungwa. Tangu juzi jioni nanunua matonge ya wali baridi na sarafu zilizobaki. Sasa niambie, Kalisti, hiyo miezi minane yako ulikuwa unakula nini?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Badala yake akajibu, "Labda mambo yamebadilika, mama. Ni zamani."

"Milango imebadilika?" Jerotich aliuliza. "Ulikuwa unangoja jibu. Umejijibu mwenyewe."

Simu ikakatika.

Kalisti alitoka kwenye foleni akaegesha pembeni. Akafungua kile kisanduku, akatoa kitabu, akasoma kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa thelathini na moja: mashine za posta zinakubali kadi za nje. Akapiga simu hotelini. Jerotich alikuwa ametoka. Akamwomba msichana wa mapokezi aandike ujumbe, Kalisti akautaja kwa Kiswahili, herufi moja moja, kwa kuwa hakutaka aibu yake isomwe na mtu mwingine. Kadi za simu zilimwishia kabla hajamaliza, akaenda kununua nyingine, akamalizia.

Jerotich alikuta karatasi chini ya mlango: *Nenda posta kuu, kadi itapita kwenye mashine yao. Sijawahi kufika Osaka. Nilikuwa naosha magari Dar. Nisamehe au usinisamehe, lakini kwanza kula.*

Hakupiga simu. Siku aliyorudi, Kalisti alikuwa amesimama Dulles bila kuitwa. Jerotich akatokea, gauni la kijani, raba mpya, begi moja.

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Jibu langu nimekuja kulipokea nikiwa wima."

"Kwa yote uliyoniambia, moja tu lilikuwa kweli. Kwenye ngazi wanasimama kulia."

"Hilo nilibahatisha."

Jerotich akacheka kabla hajataka. Kisha uso ukabadilika. "Kuosha magari ni aibu gani? Mimi naosha wazee wa watu kila asubuhi. Ulidhani ningekucheka?"

Kalisti akampokea begi. Jerotich akamtia mkononi ramani mpya ya Osaka. "Tutaenda wawili. Na pesa taslimu utabeba wewe."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ni ndiyo, mwongo wewe. Nifungulie mlango wa teksi, huu haujifungui."

Uongo ule uligharimu hivi: siku mbili za Jerotich kati ya siku tisa, milo minne ya wali baridi, kadi nne za simu, jioni moja ya abiria, na ramani moja kuukuu ambayo Kalisti aliitupa mwenyewe kwenye pipa la uwanja wa ndege kabla hajawasha gari.