Aliicheza Macho Kafumba

Kila siku alipotoka shule, Kidole alifanya kazi zake kama anayekimbizwa. Alifua soksi, akajaza ndoo za maji, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya shangazi yake, kisha akamshika mdogo wake mkono na kumvuta hadi kwenye banda la gemu. Aliitwa Kidole kwa sababu hakuna mtoto mtaani aliyebonyeza vitufe upesi kama yeye. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mdogo wake wa kike alikuwa na miaka saba, na kwa udogo wa umbo lake alibandikwa jina la Nukta. Wote wawili walilelewa na shangazi yao, mshonaji mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia.

Banda lilikuwa la Fundi. Mbele alitengeneza simu na redio, na nyuma ya pazia aliweka skrini kubwa na mabenchi mawili. Fundi mwenyewe hakucheza gemu hata siku moja.

"Mimi namjua mgonjwa kwa nyaya zake," alizoea kusema huku akilehemu. "Hadithi zake mtanieleza nyinyi."

Kwa hiyo banda lilikuwa na desturi yake. Gemu mpya ikifika, mchezaji aliyemaliza sehemu ya kwanza alikaa juu ya kreti la soda na kutoa maoni mbele ya wote: ni nzuri au mbaya, ngumu au nyepesi. Mwishoni Fundi aliuliza swali lake lile lile bila kugeuka: "Wadogo waingie, wasiingie?" Jibu la aliyekaa kwenye kreti ndilo lililofuatwa. Wadogo wakikatazwa, walikaa mbele na Fundi wakipanga skrubu kwenye vikopo.

Ijumaa moja ililetwa gemu ambayo kila mtu aliiita Hospitali. Ilikuwa kama sinema. Nyuso za watu zilitoka jasho, mvua ilisikika ikigonga madirisha, na ukichagua vibaya, rafiki uliyekuwa unatembea naye alikufa na hakurudi tena. Wewe ulikuwa muuguzi uliyefungiwa ndani. Kwenye korido walitembea wagonjwa waliofungwa bandeji uso mzima, wakihema kwa kukoroma. Ulikuwa na chuma mkononi. Ulitakiwa kumpiga mgonjwa kabla hajafungua bandeji, kwa sababu akishaifungua, kilichokuwa chini yake kilikurukia shingoni.

"Kabla hajafungua!" ilipiga kelele sauti ya ndani ya gemu. "Kabla hajafungua!"

Wa kwanza kucheza alikuwa Bondia, mvulana wa darasa la saba mwenye mabega mapana. Alipiga vichwa mpaka ukuta wa ile korido ukawa mwekundu. Jino la mgonjwa mmoja liliruka na kugonga kioo cha skrini kwa ndani, na wavulana wakashangilia kama wamefunga goli. Halafu bandeji ikafunguka, muuguzi akararuliwa koo, na Bondia akarusha kishikio cha kuchezea kwenye benchi.

"Gemu yenyewe ovyo!" alifoka. "Hadithi ndefu, unapiga mara moja, unatazama sinema mara kumi!"

"Sema umeshindwa," alimtania mwenzake wa benchi la nyuma. "Mbona goti linakuchezacheza?"

Bondia alimrukia. Alimkaba kijana yule, wakaanguka wote, benchi likapinduka, pua ikachuruzika damu. Fundi aliingia akawatenganisha kwa kuwavuta masikio. "Maoni kwa mdomo, siyo kwa ngumi! Nani anafuata?"

"Mimi," alisema Kidole.

Wavulana waliangua kicheko. "Binti, chukua kanga kabisa, utajifunika nayo!" alisema Bondia, akijipangusa shati. "Ukilia nakuitia shangazi yako."

Kidole alikaa, akashika kile kishikio. Mgonjwa wa kwanza alipotokea mwisho wa korido, alitamani kukitupa kile kishikio na kutoka nje. Basi akafanya jambo ambalo hakuna aliyeliona, maana wote walikuwa nyuma yake: alifumba macho. Alisikiliza tu. Kila mgonjwa aliposogea, kishikio kilitetemeka mikononi mwake, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, na kilipotetemeka kwa nguvu alibonyeza. Alisikia mifupa ikivunjika. Alisikia vilio. Hakufumbua mpaka muziki ulipobadilika.

Alikuwa amemaliza sehemu ya kwanza. 

Akapanda kwenye kreti. Kichwa kilikuwa kimevimba kwa sifa.

"Picha safi," alisema. "Hadithi tamu. Ila kutisha? Hamna kitu. Ni makelele tu."

"Wadogo waingie, wasiingie?" aliuliza Fundi toka mbele.

Kidole alimwona Bondia akimkodolea macho. Akisema wasiingie, wangejua kwamba aliogopa.

"Waingie," alisema. "Hata Nukta anaweza kutazama huku anakula karanga."

Jumamosi asubuhi Nukta alikaa benchi la mbele na wadogo wenzake, akatazama kila kitu, macho wazi. Mchana hakugusa chakula. Kidole alipomwuliza ana nini, alisema tumbo. Kidole hakuuliza zaidi, kwa kuwa hakutaka kujua.

Shangazi alikuwa na mafua makali siku hiyo. Alasiri alichemsha maji, akaweka sufuria sakafuni chumbani, akakaa kwenye kigoda, akajifunika shuka jeupe kichwa hadi magoti ili avute mvuke. Pua zilikuwa zimeziba, hivyo alihema kwa mdomo, kwa kukoroma. Kidole alikuwa nje anaanika nguo.

Kwanza alisikia sauti ya sufuria. Halafu yowe.

Alipofika mlangoni, maji ya moto yalikuwa yanatambaa sakafuni. Shangazi alikuwa ameanguka ubavu, bado yuko ndani ya shuka, na Nukta alikuwa amesimama juu yake na mchi wa kinu ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga. Alipiga kichwa, akapiga bega, akapiga mkono uliokuwa unahangaika kuvuta shuka. Kila Shangazi alipojaribu kujifunua, ndipo Nukta alipozidisha.

"Kabla hajafungua!" alilia mtoto, sauti imemkauka. "Kabla hajafungua!"

Damu ilikuwa inapanuka kwenye shuka jeupe. Kidole aliteleza kwenye maji, akaungua goti, akamrukia mdogo wake kwa nyuma. Mchi ulimpiga Kidole mwenyewe kwenye mfupa wa mguu kabla hajampokonya. Shangazi alipochomoza uso, nusu yake nyekundu, Nukta aliutazama, akapiga kelele ndefu ya ajabu, akaingia uvunguni mwa kitanda.

Kwenye zahanati tabibu alimshona Shangazi kichwani, akamfunga bandeji na kumpaka dawa miguu iliyoungua. Mkono wa kulia, ule wa kusukuma kitambaa kwenye sindano, ulikuwa umevunjika. Akaufunga plasta.

"Aliyekupiga ni nani?" aliuliza tabibu.

"Huyo hapo," alisema Shangazi kwa sauti ndogo, akamwonyesha Nukta kwa kidevu.

Tabibu alimtazama yule mtoto, ambaye hakufika hata kiunoni mwake. "Mtoto hapigi hivi bila sababu. Ameona kitu. Ninyi wa nyumbani, hamjui ameona nini?"

Kidole aligeuza uso. Akatazama ukuta. "Hatujui," alisema.

Habari zilienea mtaani upesi. Mwenye nyumba, mwanamke mnene asiyependa fujo, alikuja na kusimama mlangoni bila kuingia.

"Pole, mshonaji. Lakini nina wapangaji hapa, na wapangaji wana watoto. Leo wewe, kesho nani? Mpeleke kwa baba yake mdogo huko mbali, kabla hajaua mtu."

"Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Mama Mwenye Nyumba."

"Najua. Ila mchi haujui."

Nukta alisikia yote. Tangu Jumamosi alikuwa hajasema neno. Usingizi ukimchukua, anashtuka na kurusha ngumi. Shangazi akisogea na ile bandeji yake ya kichwani, mtoto anajibana kwenye pembe na kukojoa palepale alipo.

Jumatatu Kidole alipotoka shule alimkuta Shangazi anakunja magauni ya Nukta kwa mkono mmoja na kuyatia kwenye mfuko. Alikuwa analia bila sauti.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Kesho baba yako mdogo anakuja kumchukua. Nitafanyaje, mwanangu? Ananiogopa mimi niliyemlea. Labda kuna kitu nimemkosea."

Hapo Kidole akashindwa kujikaza. Alipiga magoti, akashika ule mfuko.

"Hujamkosea, Shangazi. Mimi ndiye niliyemkosea." Akaeleza yote: bandeji, chuma, kreti, swali la Fundi. "Na mimi sikuiona hata hiyo gemu. Nilicheza macho nimefumba. Niliogopa, nikasema siogopi."

Shangazi alinyanyua mkono mzima. Kidole akasubiri kofi. Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka.

"Uliniacha niulizwe na tabibu, nawe umekaa hapo?"

"Ndiyo."

"Wadogo wengine wanaiona hiyo gemu?"

Kidole akakumbuka ni saa ngapi. "Sasa hivi wapo."

"Basi unanililia mimi nini? Kimbia!"

Alikimbia huku akichechemea. Alipofungua pazia, Bondia ndiye aliyekuwa anacheza, na mbele yake benchi lilikuwa limejaa wadogo. Mmoja alikuwa anatafuna ukosi wa shati. Kwenye skrini, kichwa kilipasuka. Kidole alipita katikati yao akasimama mbele ya skrini na kunyoosha mikono.

"Zima!"

"Toka hapo, we!" Bondia aliinuka. Kwenye skrini nyuma ya Kidole muuguzi alikuwa anachinjwa. "Unaniua!" Akamsukuma kwa nguvu zote. Kidole aligonga kona ya benchi kwa mdomo, na ladha ya damu ikajaa kinywani. Mtoto mmoja akaanza kulia. Kidole alitambaa, akainuka, akapanda juu ya lile kreti.

"Nilidanganya!" alipiga kelele. "Fundi, nilidanganya! Nilifumba macho toka mwanzo hadi mwisho! Niliogopa mpaka miguu ikanilegea. Nukta hakufumba, ndiyo maana akamvunja Shangazi mkono. Alipomwona chini ya shuka alidhani ni mgonjwa wa kwenye gemu. Wadogo wasiingie! Hiyo ndiyo hukumu yangu!"

Fundi alisimama kwenye pazia na nyaya mkononi.  Alikwenda ukutani akachomoa waya, skrini ikawa nyeusi.

Bondia alicheka, lakini kicheko kilikatika. Alimtazama yule mdogo aliyekuwa anatafuna ukosi, ambaye alikuwa mdogo wake. "Yaani hata mimi," alisema polepole, "siku ile niliposema gemu ovyo... sikutaka tu kuirudia. Naiota. Leo nimecheza msije mkanicheka."

"Mimi pia," alisema mwingine nyuma.

Jioni hiyo Fundi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaeleza wazazi watoto wao waliona nini bandani kwake. Kwenye nyumba mbili alitukanwa, na kwenye moja baba wa mtoto alimkunja shati. Alivumilia. Mwisho akafika kwa Shangazi.

"Kosa ni langu, mshonaji," alisema. "Banda ni langu, nami nikawabebesha watoto kazi ya kutazama. Kuanzia leo gemu ikija naicheza mimi kwanza, nikishindwa hairuhusiwi."

"Wewe utashindwa zote," alisema Shangazi. "Vidole vyako vinene kama viazi."

Baba mdogo alipofika kesho yake, alirudi bila Nukta, maana mwenye nyumba naye alishasikia ukweli na kukubali abaki. Tabibu, alipoelezwa ukweli, alijua la kufanya. "Msimwambie asiogope," alisema. "Mpeni shuka ashike yeye." Basi Shangazi alikaa kwenye kigoda na Nukta akasimama mbali. Siku ya kwanza alilitupa shuka chini akakimbia. Siku zilizofuata Shangazi alijifunika kidole kimoja, halafu mkono, halafu bega, na kila mara Nukta ndiye aliyefunua. Siku Shangazi alipojifunika kichwa kizima, Nukta alikizunguka kigoda mara mbili. Kisha akavuta. Chini yake Shangazi alikuwa ametoa ulimi na kukodoa macho mawili kama chura.

Nukta alicheka. Lilikuwa jambo la kwanza kumtoka mdomoni tangu ile Jumamosi. Halafu akasema, "Shangazi, mkono bado unauma?"

"Unauma. Lakini utapona," alisema Shangazi, akamkumbatia kwa mkono mmoja.

Kidole alikuwa kwenye cherehani, anashona pindo aliloagizwa, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa nyumba. Shangazi alimgeukia.

"Sikiliza, mwanangu. Kuogopa siyo kosa. Mimi mwenyewe naogopa mende. Kosa ni kuuficha woga kwa uongo, halafu mtu mwingine akaulipia. Ukiulizwa umeonaje, kuna aliyesimama nyuma yako anasubiri jibu ili ajue aweke mguu wapi. Kama hukuona, sema sikuona. Kama uliogopa, sema niliogopa. Watakucheka leo tu."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, fumua hilo pindo. Limekwenda upande."