Hakuna Asukumaye Kabla ya Bei

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Bagira.

Chumba cha nyuma cha duka la kuchaji betri kilinuka asidi. Isidore alifunga mlango. Hugues alikuwa ameshakaa, panga mapajani. Sagesse alibaki wima. Watatu tu, na bado Isidore aliwaona wengi.

"Kesho gari inapeleka mushahara ya bashofere Kamituga," alisema. "Sagesse njo anaiendesha. Kwenye matope, anaikwamisha. Miye na Hugues tunafika na majembe, kama basukumaji."

"Na mulinzi?" Hugues aliuliza.

"Papa Ezéchiel, mulinzi mupya, hajuwe sura zetu. Akiinama kutazama mipira ya gari, unamunyanganya bunduki. Tunabeba sanduku, tunaingia mu migomba."

Wote watatu walikuwa madereva wa kampuni moja inayopelekea migodi mafuta na mashine. Zamani mshahara ulikuja kila mwezi. Kisha wakubwa wakaanza kulipa kwa safari: ukikwama wiki mbili njiani, wiki hizo utalipwa na mbu. Isidore na Hugues walilalamika, wakafukuzwa. Sagesse alinyamaza, akabaki. Kwa nini abaki yeye? Swali hilo lilimnyima Isidore usingizi.

"Mambo ikiharibika," Isidore alimwambia, "weye hautujuwe. Hata bakupige. Dada yangu Fabiola na batoto banakula kwa ile kazi yako."

"Fabiola hajuwe kitu, shemeji."

Viatu vya Sagesse vilikuwa vipya. Isidore aliviona. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Ijumaa, saa saba mchana. Njia ya Kamituga.

Gari lilizama mpaka ekseli. Kazi safi. Isidore na Hugues walitoka migombani, miguu imejaa tope, majembe begani. Papa Ezéchiel alikuwa ameshashuka na bunduki yake. Isidore hakumtazama. Alimtazama Sagesse kwenye kioo. Mbona anashika simu? Anamwita nani? Mahali pale mtandao haufiki, na Isidore alilijua hilo, lakini hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka. Mikono yake ikaenda yenyewe kwenye gari.

"Sukuma!" alimwambia Hugues.

Mzee akarudi nyuma. "Mungoje kwanza. Bei ni ngapi?"

Hugues alimgeukia Isidore.

Kwenye njia ile hata padri hasukumiwi kabla ya bei. Wasukumaji huketi juu ya majembe yao, hutaja bei ya wazimu, hutukanwa, hupunguza, hutia pesa mfukoni, ndipo huinama. Isidore alibishana nao miaka yake yote ya udereva. Alisahau kwa sababu ya kumchunga mtu mmoja.

"Elfu makumi mbili," Hugues aliropoka.

"Mumekwisha kugusa gari." Mzee alikoki bunduki. "Basukumaji ba kweli habagusake bure. Lala chini!"

Wakalala kifudifudi. Mzee aligonga kioo. "Shofere! Hawa unabajuwa?"

Sagesse alishuka. Viatu vipya vikamezwa na tope. Alimtazama Isidore kwa huruma.

"Sibajuwe, Papa. Hata kidogo."

Alisema vile vile alivyoagizwa. Lakini Isidore alisikia neno la usaliti alilokuwa akilingoja tangu Bagira.

"Muongo!" alipiga kelele. "Ni shemeji yangu! Tulipanga naye! Umetuuza, Sagesse!"

Mtutu wa bunduki ukageuka polepole, ukasimama kifuani mwa Sagesse. Hakukana tena. Alipiga magoti kando ya Isidore, mikono kichwani.

"Shemeji," alisema, "sasa Fabiola atakula nini?"