Stuli ya Mahona

Jumatatu hiyo, msimu wa pamba wa mwaka 2004, Nyanjige aliingia ofisi ya mzani ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba Bariadi saa moja asubuhi. Kiwanda kilikuwa cha mtu binafsi, kama vingi tangu soko lifunguliwe. Akavuta stuli, akawasha kompyuta. Stuli ilikuwa ya Mahona, fundi aliyefariki masika; ndugu zake wa Shishiyu walikuwa hawajagawana vitu vyake.

Mfumo endeshi ulibadilishwa Ijumaa. Moduli aliyoiandika Mahona, ile inayofungwa kwenye kiini cha mfumo ili kompyuta iusome mzani, ilibidi ijengwe upya kabla ya saa sita. Ikishindikana, Marcelo, karani wa zamani wa mzani, angerudi kuusoma kwa jicho. Wakulima walilijua jicho hilo: halikuwahi kuziona kilo zao zote. Mikokoteni ilishajaa getini, wa mama yake Nyanjige ukiwemo.

Kosa la kwanza: mafaili ya kiini yalikuwa ya toleo la zamani. Akaweka mapya. La pili: amri moja ilibadilishwa jina. Akasahihisha. La tatu lilitaja mstari wa 41.

Faili lilikuwa na mistari arobaini.

Akalifuta. Akaliandika upya, herufi kwa herufi. Mstari wa 41. Akaangalia mmiliki wa faili: mahona. Akaunti hiyo aliifuta mwenyewe asubuhi.

"Dada fundi, mashine imekukataa," Marcelo alicheka mlangoni. "Nilete kalamu yangu?"

"Ilete, ukaandikie barua ya kuacha kazi."

Josia, mlinzi, aliingia amevua kofia. Alinong'ona. "Ng'wanone, mwanangu, inuka. Kiti cha marehemu hakikaliwi kabla ya mgawo."

Nyanjige alisikia pumzi shingoni. Josia alikuwa mbele yake. Nyuma palikuwa na ukuta.

Akainuka. Hakutoka.

"Stuli nakuachia, Mahona," alisema. "Kazi siachi."

Akainama, akaandika amri amesimama. Akasubiri. Hakuna kosa. Mzani ukasoma sifuri. Mkokoteni wa kwanza ukapanda.

Alipima amesimama hadi saa kumi na moja. Vumbi la pamba lilitanda mezani, kwenye kompyuta, kwenye kofia ya Josia.

Josia alipokuja kufunga mlango, wote wawili waliitazama stuli. Hakuna aliyeikalia tangu Nyanjige ainuke. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi.

Kikalio kilikuwa safi.

"Kesho saa moja," Nyanjige aliiambia, akakigusa kwa kiganja.

Kilikuwa na joto.