Jinsi Shangazi Anavyotazama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiwingu alikuwa na kazi moja: kumtilia shangazi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, kwa sababu mwili wake ulikaa kwenye dawati na akili ikakaa mawinguni. Wala hawakumsingizia. Hata pale kibarazani shangazi aliposhonea, aliweza kutazama vumbi la vitambaa likielea kwenye mwanga wa jua mpaka chai yake ikawa maji baridi.

"Wewe wa ndotoni, rudi duniani!" shangazi alimwambia akicheka. "Nitilie uzi. Macho yako bado mapya."

Shangazi ndiye aliyemlea tangu utotoni. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwavisha wote wawili.

Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni kitenzi kimoja: "gaze".

"Kuna kutupia jicho, kuna kuchungulia, kuna kukodoa," alisema. "Hiki ni kutazama kwa muda mrefu, umetulia, uso umelainika, kwa sababu unachokiona kimekupendeza au kimekuzamisha mawazoni. Mtu huutazama mwezi hivyo, au mtoto aliyelala. Haya, nionyesheni!"

Darasa zima likageukia dirishani. Mmoja alitumbua macho hadi mwalimu akamuuliza, "Kwani dirisha limekukosea nini?" Kiwingu hakuhitaji kufundishwa. Yeye alikuwa ameanza hata kabla ya kipindi.

Kisha kila mwanafunzi alitakiwa kutunga sentensi kuhusu mtu aliyewahi kumwona akitazama hivyo. Kiwingu alitunga kwamba shangazi yake hukitazama kitambaa hivyo kila jioni.

"Nzuri sana," mwalimu alisema. "Hebu tuigizie."

Hapo sasa! Kiwingu aliinua daftari kama kitambaa. Akalileta karibu na pua, akalipeleka mbali, akainamisha kichwa upande, akakunja uso, akapepesa macho, kisha akaweka kiganja juu ya nyusi kukinga mwanga. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu hakucheka.

"Ndivyo anavyofanya kweli? Hujatia chumvi?"

"Ndivyo, Mwalimu. Kila siku."

"Basi kitenzi hiki hakimfai," mwalimu alisema kwa upole. "Hiki ni cha mtu aliyetulia. Shangazi yako anahangaika kuona. Mwambie aende hospitali."

Kiwingu alirudi nyumbani taratibu, kama mtu anayetembea usingizini. Mambo aliyoyaona kila siku yalimjia moja baada ya jingine. Chai ambayo shangazi aliimimina pembeni ya kikombe. Vioo vya dirisha ambavyo yeye mwenyewe alivifuta mpaka vikang'aa, na shangazi akasema bado vina ukungu. Uzi wa kila asubuhi. Miaka yote alikuwa akiyatazama haya, na hakuwahi kujiuliza hata mara moja.

Alimkuta shangazi anashona pindo, na pindo lenyewe limekwenda upande.

"Shangazi, huoni vizuri."

Cherehani ikanyamaza. "Nani kakwambia? Nina usingizi tu."

"Si usingizi. Ule ukungu hauko dirishani, shangazi. Uko machoni mwako."

Shangazi aliweka mikono juu ya kitambaa. Akasema kwa sauti ya chini: "Usimwambie mtu, mwanangu. Wateja wakisikia fundi haoni, nani ataniletea nguo? Tutakula nini?"

Kiwingu aliitazama cherehani. Ni kweli, wangekula nini? Lakini alimwona shangazi akipapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake, akashindwa kujizuia. "Nikinyamaza utapofuka!" alisema akilia waziwazi. "Naogopa, shangazi. Twende hospitali, tafadhali!"

Kesho yake walikwenda. Daktari alimmulika shangazi machoni kwa kijitochi, akasema ni mtoto wa jicho. "Ukungu umeingia ndani ya jicho, na miwani haiwezi kuuondoa. Lakini upasuaji mdogo unatosha. Mmefanya vizuri kuja."

Walianza na jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji, upepo ulikuwa unalipeperusha pazia la wodi polepole. Shangazi hakutazama dirisha wala pazia. Aliushika uso wa Kiwingu kwa mikono miwili, akautazama bila kukunja uso, bila kuinamisha kichwa.

"Jamani!" alisema hatimaye. "Kumbe umekua hivi? Tunaishi nyumba moja, na mimi sijakuona!"

"Usilie, shangazi, jicho halijapona. Daktari atatufokea."

"Na anifokee tu. Nilidhani nikificha ugonjwa nalinda riziki yetu, kumbe nilikuwa nakupoteza wewe. Sikiliza, mwanangu. Ukiumwa, sema mapema. Na ukimwona mtu wako anahangaika, mwambie ukweli hata kama atanuna, kama ulivyoniambia mimi."

"Sawa, shangazi. Nikakuletee maji?"

"Maji yasubiri. Kaa hapo hapo, usisogee. Bado sijamaliza kukutazama."