Kanda ya Stoo

Kanda ilikuwa mpya. Talha aliifungua nailoni Ijumaa ile ile aliyopotea, Juni 1994, lakini kwenye kona ya picha ilisomeka tarehe 9 Machi 1991. Dada yake, Najat, alidhani ni ubovu tu wa kamera, maana ami yao Mfaume alishaizungusha harusini Manzese nzima. Alikaa na mama yake, Bi Mwanabaraka, mbele ya televisheni, saa nne asubuhi, na nyumba ilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Siku nne walikuwa wamewatafuta mdogo wake na rafikiye Jabiri, mpaka mochwari. Kilichopatikana ni kamera hiyo, sakafuni mwa stoo, imepata moto kama pasi.

Kwenye kanda, Jabiri alishika chetezo cha udi. Talha, nyuma ya kamera, alimnong'oneza jini wa stoo, urithi wa babu, ambaye mama humnyunyizia marashi kila Ijumaa. "Turudishe siku ile. Tumzuie baba asipande lori la Pugu."

Sauti nzito ikajibu, "Nitawafikisha mlangoni. Hamvuki mpaka mtu wa siku hiyo awaitikie."

Mlango wa stoo ukafunguka wenyewe, na nje haikuwa Juni tena. Baba yao alikuwa barazani anamalizia chai, mzima, na Najat mwenyewe, mwembamba wa miaka mitatu nyuma, alikuwa anasugua sufuria uani.

"Dada Najat," Talha akaita.

Msichana wa kwenye kanda akainua kichwa. Bi Mwanabaraka wa siku ile akamtokea kutoka jikoni mbio. "Usiitike. Binadamu huita mara tatu. Jini hana subira, ya pili tu amechoka."

"Dada Najat."

Najat aliikumbuka siku ile, jinsi alivyongoja ya tatu, povu likimkaukia mikononi, na haikuja. Sasa aliona kwa nini, kwani mkono mrefu usio na kucha ulipita mbele ya lenzi ukarudi nyuma yake, palipokuwa na mdomo wa Talha, na kamera ikaanguka ikiendelea kurekodi miguu ya baba yao ikishuka barazani kwenda kufa. Najat alilia kwa sauti. Neno moja tu lingewaokoa wote watatu, baba, Talha na Jabiri.

"Dada Najat."

Haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka stoo.

"Mie naogopa, mwanangu," mama akanong'ona, akimshika kanga. "Ngoja."

"Dada Najat."

Wakangoja wote wawili.

"Dada Najat."

Ya tatu. "Abee!" Najat akajibu, akakimbia, akavuta komeo. Ndani palikuwa na giza na joto la pumzi, na alipoguswa shavuni na vidole visivyo na kucha ndipo akaelewa kwamba siku ile uani, mama alipokuwa akimfundisha kungoja mwito wa tatu, hakuwa yeye peke yake aliyesikia.