Mkono Ulionyanyua Yai Bichi

Kila Jumatatu shuleni Marani tulianza kwa kufagia darasa, kisha Mwalimu Ongeri alikagua kucha zetu. Jumatatu moja mwaka wa 1974 alisahau kucha kabisa. Alibandika ubaoni picha ya mkono wa chuma unaofanya kazi peke yake kiwandani, ng'ambo. Tena mkono huo, alisema, hubadilishiwa kiganja: kimoja cha kubana vyuma, kingine cha kunyanyua vioo. Mimi, Nyanchera, nilisahau hata kufunga mdomo.

Akatuagiza tutengeneze mikono yetu, wawili wawili. Mkono utakaonyanyua jiwe na yai bichi ungepelekwa kwenye maonyesho mjini Kisii. Nilitaka kwenda, jamani, mpaka chakula kikakosa ladha.

Mimi na Walter, mwenzangu wa dawati, tuliunda wetu kwa mbao na waya za breki za baiskeli, vidole vikawa vya bati. Jiwe ulilibana barabara. Mayai matatu ya kwanza yalipasuka yote. Siku moja kabla ya majaribio, Walter akashauri tulichemshe la nne, kwani nani angejua? Nikakubali, Mungu anisamehe.

Jioni mama alinikuta nikiliopoa yai sufuriani. Alinitazama tu, nami nikaungama yote. Hakunigombeza. Alitwaa majani makavu ya mgomba, akasokota ngata, akaniwekea kichwani, kisha akanitwika mtungi wa maji.

“Bila ngata ungeubeba?” akauliza.

“Ungeniumiza, mama, halafu uanguke.”

“Basi yai nalo linataka ngata yake.”

Akili ikanifunguka. Nilimwita Walter, tukaunda kiganja cha pili, kipana, tukakizungushia majani yale yale, na mama akatupa yai jingine, bichi.

Kesho yake vidole vya bati vilinyanyua jiwe. Tukabadilisha kiganja, Walter akavuta waya polepole. Yai likapaa juu ya meza, likatulia hewani. Mimi niliyeuunda mkono ule nilistaajabu kuliko wote.

Mwalimu alilichukua, akalipasua kikombeni. Ute na kiini vikamwagika, darasa likaguna. Hapo nikashindwa kunyamaza, nikamweleza habari ya yai la kuchemsha.

Mwalimu alikiweka kikombe mezani.

“Mtakwenda Kisii,” akasema. “Ukichemsha yai, umebadilisha yai ili likufae wewe. Ninyi mmebadilisha mkono ili ulifae yai. Hiyo ndiyo kazi ya kweli, na ndiyo ngumu.”